Katambuga za Tengeru kwenye miamba ya Kigombe

Mimi ni fundi cherehani, Ngarenaro, Arusha. Nashona sare za shule, kwa hiyo kuna miezi nalala kwa muda wa saa nne tu usiku mzima, na kuna siku chache za mapumziko ambazo nazilinda kama mboni ya jicho. Siku hizo naenda pwani. Mdogo wangu ameolewa Kigombe, kijiji cha wavuvi kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Mwaka wa sita huu, kila sikukuu ikigusana na wikiendi nafunga kibanda, napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, na kesho yake jua likichomoza nipo ufukweni. Siogelei wala sikai chini ya mvinje kunywa soda. Natembea. Kilomita sita, nane, mpaka njaa inirudishe nyumbani kwa mdogo wangu.

Miaka yote hiyo shida yangu ilikuwa ni nini nivae mguuni. Anayedhani pwani ni mchanga mweupe tu hajafika Tanga. Unatembea mchangani robo saa, unaingia kwenye miamba ya matumbawe ya zamani iliyochongoka kama mbuzi ya kukunia nazi, unatoka hapo unaangukia tope la mikoko, halafu mchanga tena. Peku siwezi, nyayo zangu zimekulia kwenye vumbi laini la Arusha. Raba za mtumba za soko la Kilombero, pale pale Arusha, zilikuwa nzuri mpaka zilipoingia maji. Zikawa nzito, mchanga ukajikusanya kwenye vidole, na siku tatu hazijakauka. Kandambili ilinikatikia kamba katikati ya miamba, nikarudi nimeuzungushia mguu mmoja khanga. Sendozi za dukani, zile zenye mikanda ya kubandika, nilizilipia shilingi 45,000 na nikazipenda kwa safari mbili. Ya tatu gundi iliachia, soli ikaachama kwa mbele kama mdomo wa changu.

Ndipo nikafikiria katambuga, vile viatu vya wazi vinavyokatwa kwenye tairi kuukuu. Sisi watu wa Arusha tunaziona miguuni mwa wachunga ng'ombe na walinzi kila siku ya Mungu mpaka macho yameacha kuziona. Mtu anatembea nazo kutoka Monduli mpaka mnadani na kurudi, juu ya miiba ya mgunga, mwaka mzima. Nikajiuliza, kama zinamvusha huyu kwenye miiba, zitashindwaje kunivusha mimi kwenye matumbawe?

Jumamosi ya tarehe 28 Juni 2025 nikaenda soko la Tengeru. Soko lile hujaa Jumatano na Jumamosi, na pembeni, ukipita wauza ndizi na mitumba, wanakaa mafundi wa viatu vya tairi. Nilimwendea mzee mmoja kwa sababu moja tu: vifaa vyake vilikuwa vichache na safi. Kisu kifupi, nyundo, patasi, gogo la kukatia, na kopo la maji. Kila anapokata anachovya kisu majini, maana mpira mkavu unakamata kisu na mkato unakwenda upogo. Mtu anayechovya kisu kila mara hafanyi kazi kwa pupa.

"Yeyo," akaniita, yaani mama kwa Kimaasai, "unataka za kuvaa au za shanga za watalii?"

"Za kuvaa, mzee wangu. Nataka za kutembelea baharini."

Akaweka kisu chini. "Baharini kwenye maji?"

"Kwenye maji, na kwenye mawe."

Alikuwa ameshashika kipande cha tairi la gari. Akakirudisha, akavuta tairi la pikipiki. Akanionyesha ukingo wa kile cha kwanza: ndani mlikuwa na nyuzi za waya, nyembamba kama uzi wa cherehani yangu, zinang'aa. "Hili likilika, waya unatokeza unakuchoma. Na maji yakiingia ndiyo kabisa. La pikipiki hili ni nailoni tupu." Kwa maneno hayo peke yake nilikuwa tayari kumlipa. Nimevaa viatu vingi maishani, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza navipeleka wapi.

Kazi ilichukua kama saa moja na nusu. Alinisimamisha juu ya kipande cha tairi akanichora kwa chaki, mguu wa kulia kisha wa kushoto, maana yangu haifanani. Soli ni tairi lenyewe, kashata, yaani yale meno ya tairi, zikiwa chini. Juu yake kuna tabaka la pili jembamba la kukanyagia. Mikanda ni minne kwa kila kiatu: miwili inapishana juu ya vidole, mmoja unapita juu ya mguu, mmoja unashika kisigino. Kila mkanda unapenya kwenye tundu lililokatwa ubavuni mwa soli, halafu unapigwa misumari midogo kutokea pembeni. Hakuna gundi hata tone, na hilo nilifurahi kuliko yote, kwa sababu kiatu kisicho na gundi hakina cha kubanduka. Tena tairi la pikipiki lina umbo la kujikunja, kwa hiyo kingo za soli zinainuka kidogo pande zote kama mtumbwi. Wakati ule niliona ni urembo. Kwenye miamba nikajua kazi yake.

Bei ilikuwa shilingi 12,000. Sikuomba punguzo.

Safari ya kwanza ilikuwa Saba Saba, ambayo mwaka huo iliangukia Jumatatu. Hapo nakiri nilichagua siku kwa kuangalia kalenda ya ukutani tu. Jumapili asubuhi nilishuka ufukweni nikakuta bahari imekaa katikati, haijaja wala haijaondoka, na miamba mingi ninayoipenda ikiwa chini ya maji. Shemeji yangu, aliyevua tangu utotoni, alinikuta nimesimama.

"Shemeji, umekuja na maji mafu. Hata haya yanaishia. Ungengoja mwezi ukue."

Alikaa chini akanieleza kwa kuchora mchangani, na nayaandika hapa kwa sababu kiatu kizuri bila elimu hii hakikufikishi popote. Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo umeandama, inakuja bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani ya Tanga tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita tatu kwenda juu. Ufukwe wetu si wa mteremko mkali, kwa hiyo mita tatu hizo zinafunua uwanja mpana wa kutembea. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari hairudi mbali. Kisha akaniambia jambo lililonifurahisha mno: siku za bamvua, pwani hii, maji hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Maana yake unaweza kunywa chai, ukatoka saa mbili na nusu huku maji yanaondoka mbele yako, ukatembea juu ya sakafu ya bahari, na yakianza kurudi na wewe unarudi. Hakuna saa nzuri zaidi ya kutembea.

Kwa hiyo Saba Saba nilitembea mchangani na kwenye miamba michache ya juu. Katambuga zilifanya kazi, ila mikanda ilinibana. Mzee wa Tengeru alinipima asubuhi ya baridi ya Juni, mguu umesinyaa. Joto la Kigombe liliuvimbisha. Mpira unanyooka, siku ya pili ukalegea wenyewe, lakini malengelenge mawili niliyapata. Anayekwenda kupimwa aende mchana, akiwa ameshatembea tembea sokoni, na apimwe amesimama.

Nane Nane ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Tarehe 8 Agosti 2025 ilikuwa Ijumaa, na mwezi ulikuwa mpevu Jumamosi yake. Siku tatu za mapumziko zimekaa juu ya bamvua, kusi inavuma, hakuna mvua. Sijui lini nitapata tena mpangilio kama ule.

Jumamosi tulitoka watatu: mimi, mtoto wa mdogo wangu mwenye miaka tisa, na jirani yao mmoja mama wa makamo anayekwenda kutafuta pweza na fimbo yake. Saa tatu maji yalikuwa yameshaacha mchanga, yanaacha miamba. Ukisimama pale unasikia mwamba unalia, vitundu vidogo vidogo vinatoa hewa huku maji yakizama ndani yake. Nilipanda mwamba wa kwanza kwa woga wa miaka mitano, nikisubiri ncha ipenye. Haikupenya. Unahisi kwamba kuna kitu kikali chini, kama unavyohisi kifungo kupitia koti zito, lakini mguu hauumii. Nikapiga hatua nyingine. Baada ya dakika kumi nikagundua siangalii tena miguu yangu. Naangalia mbele.

Hilo ndilo ninalolipa alama zote. Miaka mitano nilikuwa natembea pwani nikiwa nimeinamisha kichwa, nahesabu pa kukanyaga. Siku ile niliona korongo wa baharini wamesimama kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa maji, niliona mashua zilizolalia ubavu zikingoja maji yarudi, na madimbwi ya mwambani ambamo samaki wadogo wa milia walikuwa wamefungiwa mpaka jioni. Jirani alisimama kwenye dimbwi moja akaniita kwa kidole. Sikuona kitu. Akagusa jiwe kwa ncha ya fimbo, na jiwe likabadilika rangi. Pweza. Alikuwa amekaa mlangoni mwa tundu lake, jicho moja linatutazama, ngozi inapita kutoka kahawia kwenda kijivu kama kivuli cha wingu. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Kwa raba zilizojaa maji nisingechuchumaa, na kwa kandambili nisingefika.

Zile kingo zilizoinuka ndizo zinazookoa pembeni mwa mguu. Mguu ukiteleza kwenye ufa, mwamba unaparuza tairi, hauparuzi ngozi. Zinasaidia pia kwa yule mdudu mweusi wa miiba mirefu kama sindano anayejificha kwenye nyufa, ingawa kwake lazima macho yafanye kazi pia, maana juu ya mguu pako wazi. Kashata zinashika vizuri kwenye mwamba mkavu na mwamba uliolowa. Kwenye ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe hazishiki zaidi ya kiatu kingine, kwa hiyo hapo nenda polepole. Na hakikisha fundi hakupi tairi kipara.

Ninalo onyo moja ambalo ni la kiatu hiki hasa. Kwa kuwa mguu hausikii maumivu, unaweza kukanyaga kitu chochote, na hilo ni hatari kwa bahari yenyewe. Miamba tunayotembea juu yake ni matumbawe yaliyokufa zamani. Mbele zaidi, maji yakipwa sana, yanatokea matumbawe yaliyo hai. Yale ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Mtu wa peku hayakanyagi kwa sababu yatamkata. Mwenye katambuga anayavunja bila kujua, miaka ishirini inaishia chini ya soli ya shilingi 12,000. Eneo lote lile limo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kupewa jina la yule samaki wa kale. Ukiona rangi hai chini ya maji, simama, tazama, geuka.

Saa tano kasoro tuligeuka. Na hapo, kama hatua mia mbili kutoka ufukweni, mkanda wa kisigino wa mguu wa kulia ukang'oka.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimeshaanza kuzisifu moyoni. Nilipofika mchangani nikazivua na kuziangalia kama ninavyoangalia sare iliyorudishwa na mzazi. Mpira ulikuwa mzima. Mkanda ulikuwa mzima. Kilichokufa ni msumari. Nilizitumia Saba Saba, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni na chumvi yake, zikakaa mwezi. Misumari yote ilikuwa imevaa kutu, na huo mmoja ulikuwa umelika mpaka umebaki mwembamba kama kijiti cha kiberiti kilichoungua. Niliushika kwa vidole ukakatika.

Shemeji hakusema kitu. Alichukua kile kiatu tukaenda nacho mpaka pale wanapotengenezea mashua. Fundi wa mashua alikuwa anakalafati, anasindika pamba kati ya mbao kwa patasi na nyundo ndogo, tap tap tap, halafu anapaka mafuta. Nilisimama pale nikajisikia nimekutana na mtu wa kazi yangu, maana naye siku nzima anashughulika na mshono. Akageuza katambuga mikononi, akaangalia kashata, akavuta mikanda mizima kwa nguvu. Akaguna kwa kuridhika. Kisha akaona misumari.

"Mama, huyu aliyetengeneza ni fundi. Lakini hajui chumvi. Msumari mtupu bahari inaula. Sisi tunapiga uliochovywa zinki."

Akaingia ndani akatoka na kiganja cha misumari midogo ya kijivu, ile ya kupigia viraka vya bati. Nikataka kulipa, akakataa. Jioni ile nilishona mkanda kwa shazia na uzi wa nailoni niliopaka nta, ukanivusha Jumapili yote bila kuachia, lakini nilijua ni kiraka tu.

Mwisho wa Agosti nikarudi Tengeru. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, kwa sababu fundi wengi ukiwarudishia kazi wanaanza kwa kukuuliza uliifanyia nini. Mzee huyu alisikiliza. Nilimpa msumari uliokatika, akauweka kiganjani akausogeza karibu na jicho.

"Chumvi imefanya hivi kwa mwezi mmoja?"

"Mwezi mmoja, mzee wangu."

Akatazama yale ya zinki, akapiga mmoja kwenye gogo kujaribu kama unapinda, akaung'oa, akautazama tena. Aliniuliza maswali mengi juu ya fundi wa mashua: anatumia nyundo ya uzito gani, mbao ni mti gani, maji yanaingiaje. Hajawahi kufika pwani. Kisha aling'oa misumari yote ya zamani, hata ile ambayo ingedumu, akapiga mipya, na ncha akazikunja ndani ya mpira zisiguse ngozi. Akachukua shilingi 2,000 tu. Misumari iliyobaki akaomba abaki nayo ya mfano.

Tangu hapo nimezitembeza safari ya Nyerere, Oktoba. Tarehe 14 ilikuwa Jumanne na mwezi ulikuwa nusu, kwa hiyo nilijua miamba sitaipata, nikabadilisha njia. Nilikwenda Pangani, nikavuka kwa kivuko hadi Bweni, nikachukua pikipiki mpaka Ushongo ambako ufukwe ni mrefu, mpana na wa mchanga mtupu, minazi nyuma yako. Hapo kwenye mchanga mkavu katambuga hazina faida. Mchanga unaingia kati ya mguu na soli, na ule ukingo ulioinuka unauzuia usitoke. Baada ya kilomita mbili unasugua kama msasa. Nilizivua nikazifunga kwa khanga kiunoni nikatembea peku kwenye mchanga mgumu wa ukingoni mwa maji, na nikazivaa tena kwenye vichaka. Kama njia yako ni ya mchanga peke yake, usinunue kiatu chochote, Mungu ameshakupa.

Nikingoja kivuko kurudi nilisimama nikiangalia Mto Pangani unavyomwagika baharini, rangi ya chai ya maziwa. Mto Themi unaopita katikati ya Arusha yetu unaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na Ruvu, na kutoka pale ni Pangani moja kwa moja mpaka hapa. Ngarenaro, Tengeru, mvua yote ya upande wetu wa Meru, yale ambayo hayakunywewa na mashamba njiani, yanakuja kuishia mbele ya miguu yangu. Nilikuwa nimekaa ndani ya basi kwa muda wa saa nane kufika mahali ambapo maji ya kwetu yanafika yenyewe. Nilikuwa na katambuga mkononi na nilizisuuza pale pale.

Kasoro nyingine ni hizi. Ni nzito: jozi yangu muuza viazi aliipima ikawa karibu robo tatu ya kilo, na siku ya kwanza mapaja yataliona hilo. Zikiachwa juani zinaungua. Zichovye majini kwanza ndipo uvae. Wiki za mwanzo zinaacha weusi kwenye ngozi ambao hautoki kwa sabuni ya kawaida, mimi nilitumia mafuta ya nazi. Kwenye tope la mikoko ni mbaya kabisa. Nilijaribu karibu na Tongoni, nilipokwenda kuona yale makaburi ya nguzo ya zamani, nikakata kushoto kuwahi ufukweni: tope lilikamata soli, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Kwenye tope pita njia nyingine. Na zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka baharini, zinki au si zinki.

Kuhusu siku za kwenda, nimekaa na kalenda ya mwezi nikaona kitu ambacho kimenirahisishia mwaka. Idi el-Fitri huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo bamvua ipo daima, kila mwaka, bila kukosa. Maulidi ni tarehe 12 ya mwezi wa Kiislamu, mwezi unakaribia kuwa mpevu, kwa hiyo ukijumlisha siku mbili tatu umeipata. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, mara nyingi Ijumaa Kuu ni nzuri kuliko Jumatatu, ila uombe masika yasiwe yameanza kwa nguvu. Sikukuu za tarehe maalumu, yaani Saba Saba, Nane Nane, Nyerere, Mapinduzi, hizo zinabahatisha, lazima utazame mbinguni kwanza. Krismasi mimi siendi. Barabara imejaa wenzetu wanaopanda Moshi, na mimi nina sare za Januari.

Anayetaka za baharini aende Tengeru Jumatano au Jumamosi, mchana, aseme wazi kwamba ni za maji ya chumvi. Adai tairi la nailoni lenye kashata, na aende na misumari yake iliyochovywa zinki kutoka duka la vifaa vya ujenzi, robo kilo inatosha jozi nyingi.

Mimi nimeshaagiza nyingine, za shemeji. Nilimsimamisha juu ya karatasi yangu ya paterni sebuleni kwa mdogo wangu, nikachora mguu wake kwa kalamu, nikaikunja karatasi nikaenda nayo. Mzee wa Tengeru aliifungua juu ya gogo, akaitandaza kwa viganja viwili. Vidole vilikuwa vimetawanyika kila kimoja upande wake, upana karibu nusu ya urefu. Aliitazama kwa muda.

"Huyu," akasema, "hajawahi kufungiwa mguu ndani ya kiatu."

Akavuta tairi la pikipiki, akaliacha, akaenda kutafuta pana zaidi.